JINSI YA KUNG'OA ANTIVAIRASI YA ZAMANI MPAKA MZIZI KABLA YA KUWEKA MPYA

Leo naweka somo ambalo watu wa kafe zetu hapa Isevya na Tabora mjini wananiuliza kila kukicha: mashine ina antivairasi ya zamani, nataka kuweka nyingine, nafanyaje?

Jibu fupi ni hili. Ya zamani inatoka kwanza, inatoka YOTE, mashine inawashwa upya, ndipo mpya inaingia. Jibu refu ni haya yote hapa chini. Soma mpaka mwisho kabla hujagusa kitu, na ukiweza lichape kwenye karatasi, maana katikati ya kazi utakuwa huna intaneti.

KWA NINI NIMEAMUA KUANDIKA

Msimu wa maombi ya mikopo ya chuo, kafe moja ya hapa Isevya (jina naliacha) ilikuwa na kituko. Kurasa za kawaida zinafunguka, nyimbo zinapakuliwa bila tatizo, lakini mtu akifika pale pa kupandisha cheti cha kuzaliwa au fomu yenye sahihi, ukurasa unaganda. Mashine nyingine zinasema muunganisho si salama. Mhudumu anajibu mtandao leo mbovu. Vijana wakawa wanalipia nusu saa nyingine, halafu nyingine, na siku ya mwisho ya maombi inakaribia.

Nilipoitwa kuangalia, mtandao ulikuwa mzima kabisa. Kila mashine ilikuwa na antivairasi moja iliyoisha muda, imefutwa nusunusu, na juu yake imepandishwa nyingine mpya. Zote mbili zilikuwa zinataka kuzikagua kurasa za siri kabla hazijafika kwenye kivinjari. Kwa hiyo kila ukurasa wenye kufuli unakaguliwa mara mbili na watu wasioaminiana, na mwisho wake haufiki. Tuling'oa mabaki, tukabakiza moja, fomu zikaanza kupanda.

Ndiyo maana nasema hii sio habari ya mafundi peke yao. Mtu anaweza kukosa nafasi yake kwa sababu ya programu iliyofutwa ovyo.

ANTIVAIRASI SIO PROGRAMU KAMA ZINGINE

Ukifuta programu ya kupigia muziki, inaondoka na habari yake imeisha. Hata ikiacha folda mbili tatu nyuma, hazimdhuru mtu. Antivairasi ni kitu kingine. Inaamka pamoja na Windows, hata kabla hujaandika paswedi. Inapanda vipande vinavyoitwa draiva ndani kabisa ya kiini cha Windows, na hizo draiva zinakaa njiani: kila faili linalofunguliwa au kunakiliwa kutoka kwenye flashi linapita mikononi mwao. Nyingine zinakaa kwenye njia ya intaneti zikisoma kila kinachoingia. Na zote zinajilinda zisifutwe kirahisi, kwa sababu virusi vingi vikishaingia kazi yao ya kwanza ni kumuua mlinzi.

Kama unadhani natia chumvi, angalia mambo mawili yaliyotokea. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee ilitoa apdeti yenye kasoro, namba 5958. Ililiona faili halali la Windows XP linaloitwa svchost.exe kuwa ni kirusi, ikalishughulikia. Mashine nyingi duniani zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe, na mtandao ukapotea. Halafu tarehe 19 Julai 2024 ikawa zamu ya CrowdStrike. Apdeti moja mbovu iliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe, mpaka safari za ndege zikafutwa.

Hizo zilikuwa programu nzima, zenye kampuni nyuma yake ikirekebisha saa ileile. Sasa fikiria kipande cha draiva kilichobaki peke yake kwenye mashine yako, hakina wa kukiapdeti wala wa kukisimamia, na bado kimekaa njiani kikisimamisha mafaili.

KWA NINI MBILI HAZIKAI NYUMBA MOJA

Sungusungu lilianzia huku kwetu, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, miaka ya 1980. Haya, chukua makundi mawili ya sungusungu yasiyojuana, yape mtaa mmoja, usiku mmoja, bila tochi. Kila kundi litawaona wenzao ndio wezi. Ndani ya mashine inakuwa hivyohivyo:

1. Mashine inakuwa nzito. Unafungua faili, ya kwanza inalishika ilikague, ya pili nayo inalitaka. Kila moja inamsubiri mwenzake, na mashine inastaki.

2. Zinasingiziana. Ndani ya antivairasi kuna alama za virusi na chumba cha karantini chenye virusi vilivyokamatwa. Mwenzake akichungulia humo anaweza kupiga kelele kwamba ameona kirusi.

3. Mtandao unakatika au unachagua. Ndiyo ile ya fomu za mkopo. Antivairasi nyingi zinaweka cheti chao ndani ya Windows ili ziweze kusoma kurasa za siri. Zikiwa mbili, au ya zamani ikiacha kipande chake cha mtandao, unapata makosa ya muunganisho yasiyoeleweka.

4. Unabaki bila mlinzi huku unadhani unaye. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, Windows inakuja na antivairasi yake inayoitwa Defender. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender inajiweka pembeni yenyewe. Ukifuta vizuri, inarudi. Lakini ya nje ikifutwa nusu, Windows inaweza kuendelea kuamini kwamba ipo, na Defender ikaendelea kulala. Pale chini karibu na saa unaona ngao, moyo umetulia, kumbe geti liko wazi.

KWA NINI KUFUTA KWA KAWAIDA HAKUTOSHI KILA MARA

Kuna wanaoingia kwenye "Program Files" na kufuta folda kwa mkono. Usifanye hivyo hata siku moja. Folda inaondoka, lakini draiva na maandishi yaliyoko kwenye rejista ya Windows yanabaki. Baya zaidi, ile programu ya kufutia ilikuwa ndani ya folda hiyohiyo, kwa hiyo umejifungia mlango.

Wengine wanapita njia halali ya Windows lakini umeme unakatika katikati, au hawawashi upya, au toleo lenyewe lilikuwa la kraki na limeharibika. Vilevile, faili ambalo linatumika muda huo halifutiki mpaka mashine iwashwe upya. Ndiyo maana kampuni zenyewe zimetengeneza zana maalumu za kung'oa. Wangekuwa na uhakika na kufuta kwa kawaida, wasingejisumbua.

KABLA HUJAGUSA KITU

a) Omba ruhusa. Kama wewe ni mteja wa kafe, mashine sio yako. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingilia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa. Ukiona ngao mbili tofauti karibu na saa, mwambie mhudumu na uhamie mashine nyingine. Mwenye kafe au mwenye laptopu ndiye wa kuendelea na hatua hizi.

b) Jua Windows yako ni ipi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, piga Enter. Andika jibu kwenye karatasi, pamoja na jina kamili la antivairasi iliyopo.

c) Fungua karantini. Watu wanasahau hapa na wanalia baadaye. Mule ndani kunaweza kuwa na faili lako halali, mfano jedwali la alama za wanafunzi lililoshikwa kwa sababu lina makro. Ukiifuta antivairasi, vilivyomo karantini vinaweza kuondoka navyo moja kwa moja. Angalia majina. Faili la kazi ambalo ni la lazima, lirudishe, liweke kwenye flashi ya peke yake, na usilifungue mpaka antivairasi mpya ilikague.

d) Nakili mafaili muhimu. Picha, vyeti, barua, kazi za chuo. Weka nje ya mashine hiyo.

e) Andika namba ya leseni kama ulinunua. Leseni iliyobaki na miezi unaweza kuitumia tena.

f) Pakua vitu viwili KABLA ya kufuta: zana ya kung'oa ya kampuni ya zamani, na kifurushi kamili cha antivairasi mpya. Kamili maana yake kile kinachoweza kuwekwa bila intaneti. Vile vidogo vinavyoanza kupakua vikishafunguliwa vitakuangusha. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi mwaka 2009, kafe nyingi zilikuwa zinategemea dishi la setilaiti na mafundi walikuwa wanatembea na vifurushi kwenye flashi. Mtindo ule bado una faida yake kwenye kazi hii.

g) Hakikisha umeme. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, kompyuta ya mezani iwe na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kung'oa ndio unazaliwa ule ufutaji wa nusunusu.

h) Mashine ikiwa tayari ina virusi, safisha kwanza. Dalili moja ya kuijua: kurasa zote zinafunguka isipokuwa za kampuni za antivairasi na za Microsoft. Mdudu aliyeitwa Conficker, aliyeanza kuonekana Novemba 2008, alikuwa na mchezo huo. Tumia kisafishaji cha kuita unapokihitaji, mfano Microsoft Safety Scanner. Chenyewe hakikai mlangoni kama mlinzi, kwa hiyo hakigombani na iliyopo. Ila kinaisha muda siku 10 baada ya kukipakua, kwa hiyo usitumie cha mwaka jana kilichoko kwenye flashi ya rafiki yako.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Ingia na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Akaunti ya mteja haitakubali.

Hatua ya 2. Funga programu zote, kisha chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi. Kuanzia hapa hakuna kuvinjari wala kuchomeka flashi ya mtu.

Hatua ya 3. Fungua antivairasi ya zamani uangalie kwenye mipangilio yake kama ina sehemu ya kujilinda, nyingi huiita "Self-Defense". Mara nyingi hulazimiki kuizima, lakini ufutaji ukigoma, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 4. Futa kwa njia ya Windows. Kwenye Windows 7 ingia "Control Panel", kisha "Programs and Features". Kwenye Windows 10 na 11 ingia "Settings", kisha "Apps". Chagua jina lake, bonyeza "Uninstall". Ikikuuliza kama unataka kubakiza mipangilio au karantini, jibu hapana, ilimradi umeshaokoa vyako kwenye kipengele c.

Angalia pia kama kampuni hiyohiyo iliweka vitu vya ziada: kivinjari, VPN, kisafisha takataka, nyongeza kwenye kivinjari chako. Navyo vitoke, kimoja kimoja.

Hatua ya 5. Washa upya mashine. Sio kuilaza. Chagua "Restart". Kwenye Windows mpya, kuzima kwa kawaida kunaweza kuhifadhi hali ya kiini ili iwake haraka, lakini "Restart" inaanza upya kweli.

Hatua ya 6. Sasa endesha zana ya kung'oa ya kampuni yenyewe. Orodha nimeiweka hapo chini. Baadhi zinataka uwe kwenye hali salama ya Windows. Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mara kadhaa wakati inawaka. Kwenye Windows 10 na 11 shikilia Shift huku ukibonyeza "Restart", kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", halafu bonyeza namba 4. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake wa kurejesha mkononi kabla ya kujaribu hapa.

Hatua ya 7. Washa upya tena, kwa hali ya kawaida.

Hatua ya 8. Hakiki (sehemu ya HAKIKISHA hapo chini). Usiruke.

Hatua ya 9. Weka antivairasi mpya kutoka kwenye kile kifurushi kamili. Washa upya ikitaka.

Hatua ya 10. Rudisha mtandao, apdeti antivairasi mpya, kisha skani mashine nzima. Ndipo uchomeke flashi zako na kuzikagua, ukianza na ile yenye faili ulilolitoa karantini.

ZANA ZA KUNG'OA

- Avast: Avast Clear. Inataka hali salama, na yenyewe inakuuliza kama ikupeleke huko.
- AVG: AVG Clear. Inafanana na ya Avast kwa sababu Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Lakini usichanganye, kila moja na zana yake.
- Kaspersky: kavremover.
- ESET: ESET Uninstaller, kwenye hali salama. Wana nyingine inaitwa ESET AV Remover, hiyo ni ya kung'oa antivairasi za wengine kabla ya kuweka ESET.
- McAfee: MCPR. Hii utaihitaji sana kwenye laptopu zinazotoka dukani na McAfee ya majaribio ndani.
- Norton: Norton Remove and Reinstall. Chagua kuondoa tu, isije ikakuwekea tena.
- Bitdefender: wana Uninstall Tool, na ya matoleo ya bure ni tofauti na ya kulipia. Soma jina vizuri.

Chukua zana hizi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu. Ukitafuta kwenye Google, matokeo ya juu yanaweza kuwa matangazo ya watu wanaouza visafishaji vya ajabu. Na kitu kinachoruka kwenye skrini kikisema mashine yako ina virusi mia tatu, lipa sasa, hicho ndicho kirusi. Mchezo huo ulivuma sana wakati wa programu feki kama Antivirus 2009, na mpaka leo haujafa, umebadili nguo tu.

HAKIKISHA KWAMBA IMETOKA

Usiamini macho. Ikoni kupotea karibu na saa sio ushahidi. Fanya vipimo hivi vitatu.

Kipimo cha 1. Kwenye Windows 10 na 11 fungua "Windows Security", nenda "Settings", kisha "Manage providers". Hapo Windows inakuambia inamtambua nani kuwa mlinzi. Jina la zamani likiwa bado lipo, kazi haijaisha. Kabla hujaweka mpya unatakiwa kuona Defender imeamka.

Kipimo cha 2. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika cmd, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator". Kwenye ile skrini nyeusi andika fltmc na upige Enter. Utaona orodha ya draiva zinazokaa kwenye njia ya mafaili. Jifunze majina machache:

- WdFilter ni Defender yenyewe, iache.
- aswMonFlt ni Avast.
- klif ni Kaspersky.
- eamonm ni ESET.
- avgntflt ni Avira. Hii inawachanganya wengi kwa sababu inaanza na avg, kumbe sio AVG.
- mfehidk ni McAfee.

Ukiona jina la kampuni uliyodhani umeiondoa, rudi hatua ya 6. Kipimo hiki kinachukua dakika moja na hakihitaji intaneti.

Kipimo cha 3 ni baada ya kuweka mpya. Kuna faili la kupimia linaloitwa EICAR, linapatikana eicar.org. Sio kirusi, ni maandishi ya herufi 68 tu ambayo kampuni za antivairasi zimekubaliana kuyashika kama vile ni kirusi. Lipakue. Antivairasi yako ikilinyakua, mlinzi yuko macho. Ikinyamaza, chunguza.

IKIGOMA KUTOKA

- Ikisema faili la kufutia halipo, pakua toleo lilelile la zamani, liweke upya juu yake, kisha lifute vizuri. Inashangaza kidogo lakini inafanya kazi mara nyingi.
- Usitegemee "Uninstall" ya kawaida ukiwa kwenye hali salama. Huduma ya Windows inayofuta programu nyingi huwa haifanyi kazi kule. Kule ni kwa ajili ya zana za kampuni.
- Usiingie kwenye rejista na kuanza kufuta kila unachokiona chenye jina lake. Draiva ya mtandao ikifutwa huku Windows bado inaitaja, kadi yako ya mtandao inaweza kukataa kabisa. Visafisha rejista vya bure navyo viache.
- Yote yakishindikana, na mafaili yako yako salama nje, kufomati kunabaki kuwa njia ya mwisho. Fundi anayeanza na kufomati kabla ya kujaribu hayo mengine, muulize maswali.

KWA WENYE KAFE

Kafe nyingi zinatumia Deep Freeze, ile inayorudisha mashine ilivyokuwa kila ikiwashwa. Ukifuta antivairasi huku mashine imegandishwa, utahangaika saa nzima, ukiwasha upya yote yamerudi kama hujafanya kitu. Shikilia Shift na ubonyeze mara mbili ikoni ya dubu, au piga Ctrl+Alt+Shift+F6, weka paswedi, chagua "Boot Thawed", washa upya. Fanya kazi yako yote, hakiki, apdeti, ndipo ugandishe tena. Na ujue kwamba apdeti za antivairasi zinazoingia huku imegandishwa zinapotea kila mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo panga siku ya kuyeyusha.

Anza na mashine MOJA. Iache ifanye kazi siku nzima, wateja wapandishe mafaili, wachape, wachomeke flashi. Ikiwa sawa ndipo uende kwenye zingine. Kung'oa mashine kumi kwa mpigo jioni moja ni kujitafutia kufunga biashara asubuhi.

Na tuambiane ukweli kuhusu umri wa Windows. XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa walioingia kwenye mpango wa kuongezewa muda. Antivairasi mpya haizibi matundu ya Windows ya zamani. Conficker aliingia kupitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba Oktoba 2008, kwa hiyo waliopigwa kupitia tundu hilo ni wale ambao hawakuweka kiraka.

MASWALI YANAYORUDI KILA SIKU

"Je, naweza kuweka mbili ili niwe salama zaidi?" Hapana. Mlinzi wa kudumu mmoja. Kisafishaji cha kuita mara mojamoja, sawa.

"Nikiweka mpya itaondoa ya zamani yenyewe?" Baadhi zinajaribu. Zikikuambia zimekuta nyingine na zinataka kuiondoa, kubali, lakini pima kwa fltmc baadaye. Hata kampuni kubwa hawaachi mbili zikae pamoja. Septemba 2024 wateja wa Kaspersky waliokuwa Marekani, baada ya serikali yao kuipiga marufuku, walikuta Kaspersky imeondolewa na UltraAV imewekwa mahali pake. Wengi walilalamika kwamba hawakuulizwa.

"Antivairasi ya kraki ina ubaya gani?" Kraki nyingi zinataka uzime ulinzi ili ziingie. Umemwambia mlinzi afumbe macho ili mgeni usiyemjua apite na begi. Kama huna hela, Defender ya bure iliyo ndani ya Windows, ikiwa inaapdetiwa, inakutosha kuliko ya kulipia iliyoibwa.

Kwa leo naishia hapa. Ukikwama, andika hapo chini kwenye maoni mambo matatu: Windows yako ni ipi, antivairasi ya zamani ilikuwa ipi, na orodha iliyotoka kwenye fltmc. Ukiandika "mashine yangu mbovu nisaidieni" peke yake hatutajua tuanzie wapi. Na wewe mdau uliyefanikiwa, taja zana uliyotumia ili mwenzako wa Nzega au Urambo asihangaike.